Fundi Kipriani, Mwonja Oili, Anaweka Spana Chini

Baada ya miaka thelathini na minane ya kulala chini ya magari ya watu, Fundi Mkuu wetu, Kipriani Namputa, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Uongozi wa Karakana ya Nyundo Moja, Nachingwea, umeniomba mimi, Beatrisi wa stoo, niandike wasifu wake katika ratiba hii ya sherehe. Walioniomba wanajua fika kwamba mimi na Fundi tumegombana miaka kumi na tisa, karibu kila siku ya kazi. Labda ndiyo maana wamenichagua.

Fundi Kipriani alizaliwa Chunyu, wilayani Ruangwa, kwenye familia ya wakulima wa ufuta. Mwaka 1987 alikuja hapa kuomba kazi ya ulinzi. Siku hiyo lori la bosi lilikuwa limegoma kuwaka, na mafundi wanne wamelizunguka wakikuna vichwa. Kijana huyo, ambaye hajawahi kushika spana, akasema kwa adabu kwamba ule waya mweusi mbona umelegea. Kazi ya ulinzi akapewa mtu mwingine.

Tangu hapo amefufua matrekta, mashine za kukoboa na kukamua, na jenereta moja ya parokia ambayo hata paroko alikuwa ameshaiombea mapumziko ya milele. Amefundisha mafundi ishirini na watatu, akiwemo Harithi anayemrithi. Oili chafu hakuimwaga hata siku moja. Aliwagawia majirani wapake nguzo za nyumba zao dhidi ya mchwa, na aliyeruka foleni alipewa ya mwisho, yenye matope.

Sasa nije kwenye ulimi wake. Wageni wote wa karakana hushangaa, maana Fundi huonja oili. Huchovya kidole, hukisugua kwa gumba, hunusa, kisha hugusisha kwenye ncha ya ulimi na kutema pembeni. Ikiwa na petroli anajua, ikiwa imechakachuliwa anajua. Nilimwambia mara mia kwamba atakufa. Akanijibu kwamba chai yangu ameinywa miaka yote na bado yupo.

Lakini kazi itakayokumbukwa kuliko zote ni ile ya mwaka huu, gari la marehemu Paschal. Vijana wengi hawamjui Paschal. Enzi zake aliendesha gari dogo la mashindano, jekundu, na watu wa Ruangwa walikuwa wanatoka mashambani kusikia tu likipita. Alipofariki liliachwa bandani, injini imefunguliwa nusu. Kaka zake Marystella, binti pekee wa marehemu, waliamua kuliuza kama chuma chakavu. Marystella akalia, akabembeleza, akagoma kula. Mwisho wakakubaliana hivi: mwezi wa tano kulikuwa na mbio za magari ya kale kutoka Nachingwea hadi Ruangwa. Gari likifika Ruangwa kwa injini yake lenyewe, ni la Marystella. Likivutwa kwa kamba, linapanda lori la chuma chakavu siku hiyohiyo.

Marystella akalileta kwetu. Fundi alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na angeweza kusema mgongo unauma. Badala yake alifungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu, akasema hili haliwezi kuwa chakavu, lina kamshafti yake ya kwanza, ule mhimili wenye nundu unaozunguka na kufungua valvu. Kumbe nyumba ya hiyo kamshafti, lile pande la alumini linalokaa juu ya silinda hedi na kuishikilia kwa matundu matano yaliyonyooka, haikuwepo. Hakuna duka lililokuwa nayo, si Lindi wala Dar es Salaam.

Tuliipata kijijini Kiegei. Mzee Twaha, mchonga mipini ya majembe, alikuwa anaitumia kupima mipini yake. Mpini ukipita matundu yote matano bila kukwama, umenyooka, unauzwa. Ukikwama, unakuwa kuni. Mzee alikataa katakata kuitoa, akasema hicho ndicho kinachomtofautisha na wachongaji wa ovyo. Fundi akarudi karakana, akachomelea pete tano za bomba kwenye chuma kimoja, zimenyooka kabisa, akampelekea. Mzee Twaha alizijaribu kwa mipini kumi na miwili kabla ya kukubali kubadilishana.

Ikaja vita ya oili. Mimi nilinunua oili nyepesi ya kisasa, dumu zuri lenye picha ya gari linaloruka. Harithi, aliyesoma kwenye simu, alitaka oili ya mashindano ya bei ya juu. Fundi alituketisha wote wawili kwenye tairi na kutufundisha. Injini ya zamani, alisema, nundu za kamshafti zinasugua tapeti, vile vikombe vinavyosukuma valvu, moja kwa moja, chuma kwa chuma. Hapo panatakiwa oili nzito yenye zinki ya kutosha kuzuia vyuma visilane. Oili yangu nyepesi imetengenezwa kwa injini za leo zenye nafasi finyu. Kwenye injini hii ingeteleza tu na kuacha nundu uchi. Lakini nzito kupita kiasi nayo asubuhi haipandi juu haraka, na kamshafti iko juu.

Kabla hajaamua, akakumbuka kwamba wazee wa mashindano walitumia mafuta ya nyonyo, kwa kuwa yanang'ang'ania chuma hata kikichemka. Akaleta chupa nzima. Akayaonja, lakini kwa kuwa ni mafuta ya mmea aliona tone halitoshi, akanywa vijiko viwili. Jamani! Nyonyo ni nyonyo. Siku ile Fundi Mkuu alisimamia kazi kwa sauti tu, kutokea chooni, na Harithi akawa anakimbia huku na huko kupokea maagizo. Jioni alitamka kwamba mafuta ya nyonyo ni mazuri ila yanaacha gundi kwenye injini, basi tutumie ile oili nzito ya zinki. Gundi tuliielewa. Hatukuuliza zaidi.

Sasa lazima niseme lililotokea, na Fundi mwenyewe amesema nisilifiche. Ile nyumba ya kamshafti aliisafisha kwa mikono yake, akapuliza kila njia ya oili kwa kompresa, ikang'aa. Kisha akaiweka rafuni wiki tatu akisubiri gasketi. Nilimpa mfuko wa nailoni aifunike. Akakataa, akasema chuma kinahitaji kupumua. Nikampa tena, akakataa. Mara ya tatu akaniambia niende nikafunike vikombe vyangu.

Siku mbili kabla ya mbio injini ikawashwa. Ikaunguruma, Marystella akapiga vigelegele, geji ya oili ikapanda vizuri. Sote tukashangilia isipokuwa Fundi. Alisikia mlio mwembamba kwa nyuma. Akazima, akafungua mfuniko wa valvu. Matundu manne ya mbele yalikuwa yanang'aa kwa oili. La tano lilikuwa kavu, na kamshafti imeanza kuchunika.

Akailaumu pampu. Akailaumu oili, ambayo alikuwa ameichagua yeye. Akamgeukia Harithi, akauliza kwa ukali nani alifunga ile njia. Harithi akasema hajui. Ndipo Fundi akaingiza spoki ya baiskeli kwenye njia ya tundu la tano, na ikatoka na udongo mwekundu. Dondora, yule mdudu anayejenga kijumba cha udongo popote penye tundu, alikuwa amehamia na familia yake. Na si huko Kiegei. Udongo ulikuwa ule mwekundu wa nyuma ya stoo yangu.

Kila mtu alinitazama mimi, wakingoja niseme neno kuhusu mfuko wa nailoni. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilimwona Marystella ameshika usukani wa baba yake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, nikalimeza. Fundi akachukua daftari la kazi, ambamo kwa miaka thelathini na minane kila kosa lilikuwa la kiwanda, la barabara au la mteja. Akaandika kosa ni langu, akatia sahihi. Akamwomba radhi Harithi mbele ya watu wote, kisha Marystella, kisha, kwa taabu kidogo, mimi.

Kuchunika hakufutiki. Akasafisha njia yote, akasugua tundu kwa msasa laini, akapaka kila nundu oili kwa kidole, akazungusha injini kwa mkono hadi oili ikachuruzika kwenye matundu yote matano. Siku ya mbio alipanda kiti cha abiria akiwa na dumu dogo mapajani. Kila baada ya muda alimwamuru Marystella asimame, akafungua mfuniko, akagusa tundu la tano kama limechemka, akalipoozesha kwa oili ya dumu, wakaendelea. Magari yote yakawapita. Njiani walisimamishwa na ng'ombe wa Isaka, mfugaji aliyetoka Kanda ya Ziwa mwaka juzi, na Isaka akawaomba oili chafu ya kupaka vidonda vya ndama. Fundi alimpa, akamwonya asiionje.

Sisi tuliotangulia kuwangoja Ruangwa tulikuwa tumekata tamaa. Turubai limeshakunjwa, washindi wameshapewa vikombe, lori la chuma chakavu limewasha injini. Ndipo tukasikia. Gari jekundu likaingia polepole, likitoa moshi wa bluu, likiwaka lenyewe. Nililia, sioni haya kusema.

Rashidy, kaka mkubwa wa Marystella, yule aliyekuwa ameita lori, alisimama akiisikiliza ile injini. Kisha akamwendea Fundi na kumwomba kwa heshima ampishe kile kiti, kwa sababu tangu utoto hakuwahi kukaa pembeni ya baba yake ndani ya gari lile. Fundi akateremka mara moja. Ndugu wawili wakaondoka nalo kurudi Nachingwea, polepole, wakisimama kila baada ya muda kugusa tundu la tano. Fundi Kipriani alirudi na lori la chuma chakavu, peke yake nyuma, akitupungia mkono.

Fundi, asante kwa kila injini, kwa mafundi uliotuachia, na kwa ugomvi wetu wote, maana sasa sitakuwa na wa kugombana naye. Umeniumiza kichwa na nimekupenda. Uende Chunyu kwa amani, ufuta wako uzae, mgongo upone, na maisha yako yawe mema kila siku utakayojaliwa. Ukichoka kupumzika, stoo iko wazi.