Kaka Saa Nne wa Chumba cha Pasi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda chetu cha kufua na kupiga pasi. Viongozi mliofuatana naye. Shemeji yetu msusi, uliyefunga saluni leo ili uwe nasi. Na ninyi wenzetu wa mashine, wa kamba na wa getini: hamjambo?

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa chumba cha pasi tunakukaribisha kwa mikono miwili, na mikono yenyewe bado ina joto, maana tumetoka mezani sasa hivi. Umekuja kutufungulia ukumbi mpya wenye meza kumi na sita na madirisha yanayofunguka. Tumeyafungua na kuyafunga tangu jana kama watoto waliopewa mwanasesere.

Mheshimiwa, risala za watu huwa na habari za wengi. Yetu ina habari za mtu mmoja, utuwie radhi. Tulijaribu kuandika habari zetu sote, lakini kila tukishika kalamu tunajikuta tunamtaja yeye.

TULIKOTOKA

Mwenzetu huyu alikuja hapa miaka sita iliyopita. Ni mtu wa miraba minne, mwenye mkono mwepesi kuliko umbo lake. Siku ya kwanza alipewa shati la mteja msumbufu kuliko wote, akalinyoosha kola ikasimama kama askari wa gwaride. Mteja akatuaga kwa adabu.

Kitu kimoja kilitushangaza. Ikifika saa nne asubuhi, hata nguo ziwe zimegusa dari, yeye aliweka pasi pembeni, akatoka nje, akala mkate wake na yai, akarudi. Hakumngoja mtu. Tukasema huyu tumbo lake lina kengele, tukambandika jina la Kaka Saa Nne. Alicheka pamoja nasi, jina likamkaa.

Hatukujua kwamba ana kisukari tangu akiwa na miaka ishirini na mitatu, kile ambacho mwili hauwezi kuishi bila insulini ya sindano kila siku. Ya mchana alijichoma chooni, amesimama, ameuegemea mlango kwa mgongo kwa sababu komeo lilikuwa limevunjika. Alifanya hivyo miaka mitatu. Alikotoka kabla, kwenye ghala moja, kazi ilimponyoka wiki ile ile aliyosema ukweli, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shemeji yetu, mkewe, alikuwa akimsihi kila asubuhi amwambie angalau mtu mmoja. Naye kila asubuhi alijibu, "Nitasema kesho."

SIKU YA SHUKA

Siku hiyo ziliingia shuka mia nne za hoteli, zikitakiwa kabla ya adhuhuri. Msimamizi wa chumba, ambaye ndiye msomaji wa risala hii, alitangaza kwamba mapumziko ya saa nne yamefutwa. Kaka Saa Nne alinyanyua mkono nusu, akaushusha. Alikuwa amejichoma sindano asubuhi na kula kidogo tu, akitegemea mkate wake. Alijiambia atavumilia dakika kumi. Zikawa sitini.

Jasho lilimtoka, lakini chumba cha pasi nani hatoki jasho? Mikono ikamtetemeka. Akakunja shuka moja mara nne, akaikunjua, akaanza upya. Akacheka peke yake. Dada wa meza ya pili alimuuliza kama yu mzima, akajibiwa kwa maneno yaliyogongana kama vijiko kwenye sufuria. Msimamizi akaja, akamtazama, akatoa hukumu mbele ya watu wote. "Umekuja kazini umelewa. Vua aproni, nenda nyumbani."

Kaka hakubishana. Tangu lini mtu akakosa hata nguvu ya kujitetea, nasi tukakaa kimya? Tulikaa kimya, mheshimiwa. Hilo tumeliandika kwa hiari yetu.

Mlinzi wa getini ndiye aliyemwona akija anapepesuka. Dada yake mwenyewe anaishi na kisukari, na macho yaliyozoea hayahitaji kuambiwa. Alimshika, akamkalisha kwenye kiti chake, akajaza sukari kwenye chai ya chupa yake na kumnywesha funda kwa funda, kisha akampa nusu ya mkate wake. Baada ya robo saa Kaka akainua kichwa, akajitazama kifuani, akauliza nani kamvua aproni.

Mlinzi akamrudisha ndani, amemshika mkono kama bwana harusi anayepelekwa ukumbini. Akatuambia sote, bila kupandisha sauti, "Huyu hajalewa. Sukari yake imeshuka. Mngemwacha aende barabarani peke yake, leo mngekuwa mnachangishana sanda."

Pasi zote zikazimwa. Kaka akatoa mfuko wake mdogo, akatuonyesha kichupa, sindano na mashine ya kupimia sukari. Alisema kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa amevaa aproni.

Msimamizi akamfunga ile aproni yeye mwenyewe. Akamwambia, "Nilikunusa, kaka, nisisikie pombe. Nikasema basi hii itakuwa pombe isiyonuka. Nisamehe."

Kaka akacheka hadi akashika meza. Sisi tukalia, tukacheka, na shuka zikachelewa. Hoteli haikufa.

TULIYOYAFANYA

Tangu siku ile hajajichoma tena chooni. Hujichoma kwenye benchi letu, kwa nafasi, huku anatusimulia mechi ya jana. Mwanzoni dada wa meza ya pili aligeuza uso. Sasa ndiye anayemkumbusha abadilishe mahali pa kuchoma. Kila mmoja wetu anazijua dalili za sukari kushuka, na kopo la sukari lipo mezani. Mama wa mashine ya tatu alijifunza kutumia kile kipimo akakipenda kupita kiasi, mpaka tukaanza kuficha vidole.

Joto lilikuwa adui mwingine, maana insulini haipendi kupikwa. Kichupa kimoja kiliharibikia mfukoni mwake kabla hatujajua. Fundi wetu wa mabomba alitafuta chungu kikubwa na kidogo cha kuingia ndani yake, akatia mchanga wenye maji katikati, akaviweka kwenye stoo ya sabuni penye ubaridi. Kaka husema dawa yake inalala pazuri kuliko yeye.

Na ameturudishia, mheshimiwa. Amefundisha wapigaji pasi tisa, na hakuna mwanafunzi wake aliyeunguza nguo mwaka huu wote. Mwezi uliopita alitudakia kwenye mechi dhidi ya idara ya kufua. Kipindi cha pili alimwomba mwamuzi dakika mbili, akapima sukari kando ya goli, akala ndizi. Nahodha wa wafuaji akalalamika kwamba hiyo ni hila. Mwamuzi akamjibu kwamba sheria haikatazi ndizi. Mpira uliporudi wakapata penalti, Kaka akaidaka, akalala nayo kama mama na mwanawe. Wafuaji mpo hapa, tunawasalimu.

LINALOTUKWAZA

Mwisho wa mwezi huu msomaji wa risala hii anastaafu. Kiti chake kimeombwa na mtu mmoja tu anayestahili. Faili la Kaka limepanda ghorofani mara mbili na kurudi mara mbili, limeandikwa mstari mmoja: ana maradhi ya kudumu. Ni kweli anayo. Ana na ustadi wa kudumu, lakini fomu haina mahali pa kuuandika.

Halafu yale mapumziko ya saa nne bado hufutwa kazi ikizidi, kwa ruhusa ya kanuni. Msimamizi mmoja amekwisha kujuta. Hatupendi wa pili ajute kwa jambo kubwa zaidi.

MAOMBI

Tunaomba mapumziko hayo yasifutwe kwa yeyote. Tunaomba na jokofu dogo, hata lililotumika, kwa sababu chungu kimefanya kazi ya kiume lakini kiangazi kinakuja. Ombi la tatu ni lile faili.

Kaka Saa Nne hakujua kwamba tumeandika hili. Juzi alituomba tuombe jokofu tuishie hapo, tusiombe cheo kwa jina lake, asije akaonekana anabebwa. Tulimwitikia kwa vichwa, kisha tukaketi tukaandika. Mheshimiwa, yule pale mlangoni aliyeinamisha uso na kujifanya anakunja kitambaa, ndiye. Tumemvunjia ahadi mbele yako. Ana haki ya kutukasirikia, na adhabu yoyote atakayotupa kama msimamizi wetu tutaipokea, tena tukipiga vigelegele.

Mungu akujalie afya, wewe na nyumba yako, na kila ukumbi utakaoufungua ujae watu wanaorudi makwao salama.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Pasi.
Imesomwa na msimamizi wao anayeondoka.