Ukurasa wa Kuhamisha Barua

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, fundi cherehani. Tangu utotoni alipenda kuelekeza watu. Hata kuwasha jiko la mafuta alitutolea maelezo, mikono kiunoni, na sisi wadogo zake tukamwita Mwongozo.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akasomea uhazili, akaajiriwa katika ofisi ya bima. Mwaka 1993 aliolewa na fundi saa, mtu mpole aliyemvumilia hata alipofundishwa kukunja shuka. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 alijiunga na watu waliojitolea kutengeneza programu huria ya barua pepe, ambayo yeyote huitumia bure na kuirekebisha. Wao waliunda programu, yeye akaandika mwongozo wa watumiaji. Katika ukurasa wa kuhamia kompyuta mpya, alielekeza watu wafute akaunti ya zamani kabla ya kunakili barua. Alikuwa amejaribu hatua hizo kwenye kompyuta yake tu, ambayo tayari ilikuwa na nakala, kwa hiyo hakuona kosa. Seremala mmoja mstaafu alifuata neno kwa neno, na barua zote alizoandikiwa na marehemu mkewe zikapotea. Alimwandikia dada: "Nilifanya kama ulivyosema."

Dada aliusahihisha ukurasa siku hiyo hiyo, lakini kumjibu alishindwa. Aliona aibu mno. Tangu hapo hakutoa ukurasa wowote kabla mama mkwe wake, asiyependa kompyuta hata kidogo, hajaufuata peke yake. Mama mkwe akiuliza abonyeze wapi, dada aliuma ulimi, jambo lililokuwa gumu kwake, kisha akarudi kuuandika upya. Akisifiwa aliinamisha kichwa. Sisi tulidhani ni unyenyekevu.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Karibu na mwisho alimweleza mumewe yote, akamwagiza amwalike seremala mazishini. "Mkisoma wasifu wangu, msilifiche hili," alisema. "Nikiwa hai nimeshindwa kumtazama usoni." Alifariki nyumbani, tarehe 14 Juni 2023.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mkwe na sisi wadogo zake watatu.

Mzee seremala, umeitika mwaliko wetu, nasi tunaona haya mbele yako. Maji yakimwagika hayazoleki. Barua za mkeo hatuwezi kuzirudisha. Dada yetu alikukosea, akakunyamazia. Tunakuomba radhi kwa niaba yake kwanza, hadharani, ndipo tumwombee apumzike kwa amani.