Ildefonsi Muhangi na Mbio za Dira za Ndama

Ndugu waombolezaji, mimi Apolinary, mdogo wa marehemu, nimepewa dakika tano. Mwenyewe angeziona nyingi. Kukaa kitako dakika tano kulimwasha miguu.

Marehemu Ildefonsi Muhangi alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 Nyakakika, mtoto wa kwanza wa mzee Kamugisha na mama Kyomuhendo. Alisoma hapo hapo, kisha shule ya kati hadi darasa la nane mwaka 1957. Mama alikuwa akisema huyu hakujifunza kutembea, aliinuka akakimbia.

Mwaka 1960 aliajiriwa na wapima ardhi kuwashikia mnyororo wa kupimia, na huko akajifunza ramani na dira. Tarehe 22 Mei 1965 alifunga ndoa na Laurensia Mukandekezi, wakajaliwa watoto watatu.

Vita ya 1978 ilimkuta kazini Kyaka. Yeye na familia walipokuwa wakikimbilia huku Ndama kwa miguu, binti yake Kokugonza, wa miaka saba, alipotea porini siku mbili. Alipatikana mzima, lakini kaka hakutulia tena. "Mtoto wetu ajue njia ya kurudi," alisema kanisani, sokoni, hata kwenye harusi za watu, mpaka tukamchoka.

Ndipo akaanzisha mbio za ramani na dira katika bustani kubwa ya miti ya kijiji, pale Ndama. Za kwanza zilikuwa Jumamosi tarehe 8 Agosti 1987. Watoto thelathini walipewa ramani alizochora kwa mkono. Kila mtoto apite vituo sita, na kila kituo apigiwe mhuri uliochongwa kwenye kiazi. Wasimamizi walikuwa wazee waliojitolea, wakulima na wafugaji. Kaka alipanga zichukue muda wa saa mbili tu. Mbio zilianza asubuhi, na saa saba mchana hakuna aliyemaliza.

Kumbe kila mtoto akifika kituoni anapiga goti, anasalimia, naye mzee anamuuliza ni wa nani, babu hajambo, ng'ombe wamezaa? Kaka alikwenda mbio hadi kituo cha nne, kwa mzee Polikarpi, mfugaji.

"Shikamoo mzee. Piga mhuri uwaache waende!"

"Marahaba. Mtoto anipite kama mbuzi asiye na mwenyewe? Na wewe hujaniambia nyumbani hawajambo."

Nilikuwepo. Kaka alimjibu vibaya, akamwambia mdomo wake umeharibu mbio. Mzee alifungua kinywa aseme neno, kaka akawa ameshageuka kuondoka.

Saa tisa walikuwa wamerudi watoto ishirini na tisa. Nyiransabimana, binti wa miaka kumi na moja kutoka Kihanga, hayupo. Najua mawazo ya kaka yalikuwa yamerudi 1978. Alipita vituo vyote akimwita, mpaka akafika tena kwa Polikarpi, na safari hii akapiga goti.

"Huyo amekwenda kwa bibi yake mgonjwa, ng'ambo ya bonde," alisema mzee. "Nilimuuliza, akanieleza. Nilitaka kukuambia, ukanifunga mdomo."

Tulimkuta huko anamenya ndizi, ramani ameiweka kiunoni. Kaka alilia mbele yetu sote. Mwaka uliofuata aliandika kanuni ya kwanza: asiyesalimia hapigiwi mhuri. Mbio hizo aliziandaa kila Agosti hadi 1996, na Polikarpi hakukosa kituo cha nne hata mara moja.

Novemba 1996 alipatwa na kiharusi, mguu wa kulia ukafa. Kulala kulimtesa kuliko ugonjwa. Mara tatu kwa siku alimtaka shemeji Laurensia amgeuzie kitanda kielekee mlangoni. Kila Alhamisi Polikarpi alimletea maziwa, wakabishana kuhusu vituo vya mbio zijazo. Aliaga dunia nyumbani Ndama, Jumapili tarehe 9 Februari 1997.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa, mimi mdogo wake, rafiki yake Polikarpi, na Nyiransabimana, ambaye leo ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza kutuonyesha njia.

Ndugu zangu, mkija kutia udongo, msimpite kaburini kimya. Msalimieni, mwambieni nyumbani hawajambo. Leo hana haraka. Kaka, vituo vyote umepita. Pumzika kwa amani.