Narudisha Jiwe la Uchumba

Mheshimiwa Meneja wa kiwanda, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wasagaji na wapakiaji mlionifichia mume wangu miaka yote hii, na wewe baba watoto, uliyekaa hapo mbele ukipima uzito wa soda kiganjani: hamjambo?

Niliitwa kushukuru tu. Lakini Meneja ametangaza sasa hivi, mbele ya keki ya kumuaga, kwamba mstaafu anaongezewa mkataba. Mkapiga makofi! Mimi sikupiga. Jamani, huyu anaagwa au anaajiriwa?

Ninyi mnamwita Mizani. Siku aliyokuja kujitambulisha kwetu, alitoa kwenye mkoba jiwe jeupe la baraiti, haya mnayosaga hapa, saizi ya mkate, akampa baba yangu. Baba akalipokea kwa mkono mmoja. Mkono ukashuka nalo mpaka mezani, birika likapinduka, chai yote ikaenda. Badala ya kuomba radhi, kijana akang'aa uso: "Umeona, mzee? Si chuma, lakini uzito wake!" Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu mzima kweli?"

Basi nikaolewa pamoja na jiwe. Nikisifu rangi ya ukutani, ananiambia ndani mna baraiti. Basi likifunga breki, baraiti. Nikiwasha jiko, nasomewa habari za visima vya mafuta, kwamba tope la kuchimbia lisipotiwa unga wa baraiti likawa zito, gesi itafumuka iwarushe watu. Na mimi nataka kupika! Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, alimpima kwa viganja, akasema, "Mzito kuliko ukubwa wake." Nilitaka kumpiga, kumbe kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Mwaka jana tumbo likamsumbua. Hospitali wakampa kikombe cha maji meupe, unga huohuo uliosafishwa, ili tumbo lionekane kwenye picha. Unadhani aliogopa? Alimuuliza muuguzi, "Mmeusaga vizuri?" Kisha akaigeukia foleni: "Msiwe na wasiwasi, hauyeyuki. Unaingia, unapigwa picha, unatoka kama ulivyoingia!" Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka. Nyumbani nililia. Tukisubiri majibu ndipo nilipogundua kwamba tangu tuoane sijawahi kukaa naye wiki nzima. Majibu yalikuja mazuri, na asubuhi yake akarudi kwenu.

Unga huo hauyeyuki kwa maji wala kwa tindikali, ndivyo asemavyo. Na yeye ni vivyo hivyo, machozi yangu hayajawahi kumyeyusha.

Sasa, Mheshimiwa Meneja, ndani ya mkoba huu mna jiwe lenyewe. Lilitoka kiwandani hapa, na miaka yote limeshikilia mlango wangu wa jikoni. Nalirudisha. Pokea... mikono miwili, Mheshimiwa! Mikono mi... Umeshuka nalo kama baba yangu! Pole. Pole sana. Mleteeni maji.

Kiwanda kimepata chake. Na mimi naomba changu, maana nimemmisi mtu ninayeishi naye. Baba watoto, weka soda chini, chukua koti, twende nyumbani.

Heh! Amesimama. Na mtazameni, anafuta macho. Kumbe huyu anayeyuka!

Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu, na kwa kunipa mume. Kipande chetu cha keki tufungieni.