Saa Ilisema Moyo Umetulia

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wakubwa zangu, shikamooni.

Bi Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniomba nisimame nikuelezeni yaliyonikuta. Nimekubali kwa sababu humu ukumbini naona mikono mingi imevaa saa kama niliyokuwa nayo mie. Jina la mtu sitolitaja, wala la duka, wala la aliyeitengeneza. Nitasema yangu tu, na nikisita mnivumilie.

Wengi wenu mmekula chakula changu. Mie mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, huitwa huku Mwanakwerekwe, huitwa mpaka Kizimkazi. Maisha yangu ni moto na masufuria makubwa. Presha nnayo tangu nilipozaa kitinda mimba wangu. Dawa nilikuwa nnakunywa, na kliniki nilikuwa nnakwenda.

Mwanangu wa kike anaishi Maskati. Alipokuja likizo aliniletea saa nyeusi, nyembamba, chini yake inawaka taa ya kijani. Akanifunga mwenyewe.

"Mama, hii ndiyo itakayokuangalia mie nisipokuwepo. Moyo ukienda mbio itakwambia. Ukifanya kazi, itakuhesabia kalori ulizochoma. Usiivue."

Sikuivua. Ndugu zangu, nakwambieni, nililala nayo kama hirizi.

Mwanzo ilikuwa raha. Nikikoroga wali, mkono ukienda na kurudi, saa ikidhani nnatembea. Mie nimesimama pale pale mbele ya jiko, yenyewe inanipongeza kama niliyefika Mbweni kwa miguu na kurudi. Kalori zimeungua, inasema, mwili unapungua. Basi nami nikaamini unapungua.

Lakini viatu vikaanza kunibana. Pete ikakataa kutoka kidoleni hata kwa sabuni. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Nikajiambia hayo ni majiko tu, kusimama kutwa, saa inajua zaidi yangu.

Halafu ikaja pumzi. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, na ngazi zake mnazijua, zimesimama kama ukuta. Nikifika kati nnasimama, nnajifanya nnatengeneza buibui. Nikilala chali nahisi kama mtu ananimiminia maji kifuani, nikaongeza mto, nikaongeza na mwengine. Na humu kifuani, ndugu zangu, mlikuwa na kitu kinapapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Kinanyamaza. Kinaanza tena.

Kila nikiogopa, nnageuza mkono. Sabini na kitu. Moyo umetulia. Basi nami nnatulia, nnarudi kwenye sufuria langu. Siku ya kliniki ilipofika nilikuwa na harusi, na wala sikuhangaika. Nikasema, ya nini kupanga foleni na mie nnapimwa mkononi kutwa?

Wa kwanza kuingiwa na hofu alikuwa wifi yangu. Ni dada wa marehemu mume wangu, tunakaa naye nyumba moja. Alasiri moja tuko jikoni tunamenya muhogo, akaacha kisu akanitazama.

"Wifi, midomo yako imekuwa rangi ya jivu."

"Nimechoka tu." Nikamnyooshea mkono. "Tazama mwenyewe. Moyo mzima."

"Mie sijaiuliza saa. Nimekuuliza wewe."

Hata kujibu kulikuwa kunanikata pumzi. Naye hakungoja. Akanifungua ile saa, akachukua muhogo aliokwisha kuumenya, mnene kama mkono wa mtu, akaufunga.

"Haya, tuone na huu kama mzima."

Tulicheka. Mie nilicheka mpaka nikakohoa. Saa ikaanza kutafuta, taa ya kijani inamulika ule weupe wa muhogo. Kisha namba ikatokea.

Themanini na moja.

Wifi akaacha kucheka. Namba ikapanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena, vile vile kama moyo wa mtu aliye hai. Tuliukodolea macho ule muhogo, hakuna aliyeweza kuugusa. Siku zote zile nilizokuwa nikiogopa na kugeuza mkono, nilikuwa nikimuuliza nani?

"Vaa buibui," wifi akasema. "Twende hospitali."

"Ngoja nimalize hii mihogo..."

"Humalizi kitu!"

Hospitali nesi alinishika mkono kwa vidole, kisha akaniwekea kipimo kifuani. Akakiacha pale muda mrefu, uso wake haumwambii mtu kitu. Akatoka kwenda kumwita daktari. Mie nikamwambia wifi, "Unaona? Hata wao hawana haraka." Lakini daktari aliingia anakwenda mbio.

Alinieleza kwa upole. Moyo wangu ulikuwa unapiga ovyo, haraka na bila ya mpangilio, na mapigo mengine dhaifu hata hayafiki mkononi. Saa ilikuwa ikiokota machache na kubuni yaliyobaki. Ule unene haukuwa unene, ni maji, kwa kuwa moyo umeshindwa kuyasukuma. Akasema damu ikituama ndani ya moyo huganda, na donge likiondoka hujui litakwenda wapi.

Langu lilikwishaondoka.

Nilikuwa nimelala pale kitandani, nikataka kumuuliza wifi kama jiko tumelizima. Nikafungua mdomo. Maneno hayakuwepo. Nilikuwa nayajua, nayaona kabisa, lakini ulimi haukuyapata. Mkono wa kulia ukaanguka ubavuni kama si wangu. Sikuhisi maumivu. Nilichokiona ni uso wa wifi unabadilika, na katika uso ule ndimo nilimojua kilichonifika.

"Daktari! Daktari!"

Kiharusi kilinikuta mikononi mwa madaktari, wakanipa dawa hapo hapo. Kingenikuta kwenye zile ngazi, leo mngekuwa mnanisomea hitima, na chakula kapika mtu mwengine.

Kurudi hakukuwa rahisi. Mwanangu alikuja kutoka Maskati, akakaa chini kando ya kitanda analia. "Mama, mie ndiye niliyekuletea." Sikuweza kumwambia kwamba simlaumu. Nilimshika tu kichwa kwa mkono wa kushoto. Wifi akawa ananifundisha kusema kama mtoto. Analeta viungo vya jikoni, ananisogezea puani. "Hii nini?" Nanusa, najua, nalia. Siku moja nikasema, "Bizari." Akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Alhamdulillahi. Namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha wifi yangu, aliyeniamini mie kuliko saa ya mkononi mwangu. Nawashukuru wauguzi na daktari yule, na mwanangu, na nyinyi wana kikundi mliokuwa mkiniletea uji kwa zamu na kunikokota kwenda mazoezi hata nilipokununieni.

Sikwambieni mzitupe saa zenu. Daktari mwenyewe kasema zipo zinazosaidia. Nnachokwambieni ni hiki: mwili ukipiga kelele na saa ikasema kimya, usikilizeni mwili, mwende mkapimwe na binadamu mwenye masikio.

Na neno la mwisho. Tangu nisimame hapa, mmoja wenu anapumua kwa mdomo. Sitomtaja. Amekwisha kuitazama saa yake mara nyingi, na kila akiitazama anatabasamu. Mpenzi wangu, tukimaliza dua usiende nyumbani. Buibui nshavaa. Tutakwenda pamoja.