Elsie Nabututu, Aliyerudi Kupimwa Mara Tano

Elsie Nabututu alizaliwa Kimilili tarehe 4 Machi 1941, kifungua mimba wa Mzee Wasike. Alimaliza darasa la nane mwaka 1957. Angeendelea, lakini baba alisema msichana akishajua kusoma barua inatosha.

Mwaka 1960 alikuja Kisumu, akaajiriwa ushonaji katika duka la nguo la mama wa Kihindi, Kantaben. Nguo haikutoka dukani kabla mteja hajaivaa na Elsie akaikagua. Mwalimu Waliaula alisimamishwa barazani na suti yenye pini hadi akakosa chakula cha mchana, na bado anaisifu suti ile.

Tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa na Nicodemus Amolo, karani wa bandarini, wakaishi Kaloleni. Mwaka 1968 mtoto wao wa kwanza alizaliwa akiwa amekufa. Wenye midomo wakasema Elsie amelogwa, wengine wakamwita mgumba. Baadhi yenu mpo hapa mazishini, na chai mmekunywa.

Kliniki ndiyo iliyoona shida, Februari 1969. Ilikuwa kaswende. Dada yake Metrine, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyemsindikiza. Elsie alidungwa sindano za penisilini, akapewa karatasi ya kumwita mumewe, na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu damu ipimwe tena. Alirudi, damu ikawa safi. Aliporudi baada ya miezi sita, ugonjwa ulikuwepo upya.

"Mama, na mzee alikuja?" nesi alimuuliza.

"Bado, sista."

Alipofika nyumbani alimpa mumewe karatasi nyingine. Bwana Amolo hakuifungua.

"Mimi mzee wa kanisa nikae kwa benchi na malaya? Hiyo kitu wewe ndio ulileta!"

Wazee wa ukoo nao akawaambia hivyo hivyo, nao wakamwamini. Elsie alimeza yote. Alitibiwa, akarudi kupimwa, akaambukizwa tena kitandani mwake mwenyewe. Mtoto wa pili, mwaka 1971, aliishi siku kumi na moja. Tarehe 13 Agosti 1974, akijifungua wa tatu, damu ilimtoka ikakataa kukoma. Mtoto naye hakulia.

Siku tatu kabla ya hapo alimshika Metrine mkono. "Usiniandikie sifa za uongo," alisema. "Andika nilirudi mara tano. Yeye andika hajaenda hata moja."

Imeandikwa. Jana shemeji Nicodemus aliomba sehemu hii ifutwe, lakini programu za mazishi zilikuwa zimeshachapwa. Metrine alifurahi, na hafichi furaha hiyo.

Marehemu ameacha mama mzazi, dada yake Metrine, mumewe Nicodemus, na mke mwenzake Jentrix, aliyeolewa Januari na sasa ana mimba ya miezi mitano. Jentrix, mdogo wetu, wewe huna kosa lolote. Jumatatu asubuhi Metrine atakupitia hapa Otonglo, nyumbani kwa kina Amolo, mwende kliniki, kisha mtarudi tena na tena hadi daktari aseme basi. Atakayekuzuia ajue umati huu wote umesikia.

Elsie apumzike kwa amani, maana alifanya yote aliyoambiwa. Nicodemus asipumzike hata siku moja mpaka damu yake ipimwe.