Nyuma Kidogo ya Bega

Njooni hapa kitandani, wanangu, Greta mpakate mdogo wako Lempi hivyo hivyo, mwache aitafune kamba ya gauni langu, haidhuru, mnisikilize tu kwa sababu nesi ameshanipa kidonge na amesema nikianza kuongea kama mlevi nisishangae, na mimi nina mengi. Usinikatize, Greta. Najua utasema nitarudi. Mimi pia nasema nitarudi, nimemwambia baba yenu, nimemwambia daktari, nimemwambia hata yule mzee anayesukuma vitanda, lakini naogopa, mwanangu, na mwenye hofu asiifungie moyoni akaondoka nayo.

Nilikuona uliponisaidia kuvaa. Uliiona alama ya wino aliyonichora daktari ubavuni, chini ya kwapa, nyuma kidogo ya bega, ukageukia dirishani ukajifanya unatazama ziwa. Ulipatambua. Mtoto wa nyumba yetu atakosaje kupatambua? Ndipo hapo hapo. Ndipo babu yenu Arvo alipokuwa akiweka kidole kwenye ubavu wa kila kulungu aliyetundikwa ghalani, akaniambia, "Hapa, Jolene, ndiyo nyumba ya pumzi. Kwingine kote ni mateso." Basi leo nawausia kwa mahali hapo hapo, maana uvimbe wangu umechagua kukaa pafuni na mimi sikuulizwa.

Upinde wa babu ni wako, Greta. Lempi akikua mtautumia kwa zamu, na mkigombana, atakayenuna zaidi ndiye atakayeosha vyombo. Lakini upinde ni mti na kamba tu, mwanangu, urithi wenyewe ni kujua mshale uende wapi, na hilo halitundikwi ukutani. Kwa hiyo lishike.

Kulungu akisimama ubavu, panda na jicho lako juu ya mguu wake wa mbele mpaka theluthi ya mwili kutoka chini, kisha rudi nyuma kidogo ya bega. Hapo mshale hupita mapafu yote mawili, naye hukimbia kama kutoka hapa hadi kule magari yanapoegeshwa, akalala, akaisha, bila hata kujua kilichompata. Akiwa amekugeuzia mgongo kidogo, usifikirie mshale unapoingia, fikiria unapotokea. Lenga mguu wa mbele wa upande wa pili, wenyewe utajua pa kupita. Akikutazama uso kwa uso, mwache, mfupa wa kifua ni ngao, na pembe zisikutie wazimu, pembe haziliwi. Na ukiwa juu ya dungu lako mtini, naye amekuja mpaka chini ya miguu yako kabisa, mwache pia, maana utapata pafu moja tu, na kwa pafu moja kulungu huenda mbali sana.

Eee, cheka. Hata mimi nimejisikia nilichosema, mimi nitakayebaki na pafu moja. Huenda mbali sana kwa pafu moja! Kamwambie baba yenu pale nje, aache kuichungulia ile kahawa kama kisima.

"Na akiondoka nisipompiga?" Unaniuliza swali zuri. Akiondoka, ameondoka na uzima wake, na wewe umerudi na mshale wako, wote mmefika nyumbani. Hakuna aliyekufa kwa mshale uliobaki podoni. Watu husema ngojangoja huumiza matumbo; msituni ni kinyume, haraka ndiyo inayopiga matumbo. Babu alikuwa akichukua sahani za karatasi za keki kanisani, anazipigilia kwenye marobota ya nyasi, kwani mapafu ya kulungu ukubwa wake ni huo, na hukuruhusiwa kuelekea msituni mpaka mishale yako yote ikae ndani ya sahani. Bibi akimkemea, "Arvo, wageni wa leo watakulia viganjani?" naye anajibu, "Afadhali keki iende kiganjani kuliko mshale uende tumboni."

Sasa mjomba wenu Wendell. Mmekua mkimsikia jina tu. Kaka yangu alimpiga dume tumboni, pale kwenye mtufaha mkongwe, jioni ya mawingu. Mshale tuliuokota una uchafu wa kijani na harufu ya nyasi zilizochacha. Babu akasema, "Turudi nyumbani, tutamfuata asubuhi." Wendell akasema, "Mvua inakuja, Baba, itafuta damu, kalale wewe!" akaingia kichakani. Yule dume alikuwa amelala karibu tu, niliyagusa majani alipolala, yalikuwa bado na joto lake. Akakurupuka, akavuka kinamasi chote, tukampoteza. Babu hakumtukana. Ila alipokufa upinde ukaja kwangu mimi, mdogo, msichana, na kaka yangu akaacha kuja kula nasi Krismasi.

Ninataka yeye ndiye akufundishe, Greta. Usikunje uso. Baba yenu ni mwema lakini hata takataka akiirusha haiingii kwenye pipa. Jana nilimpigia simu Wendell, nikamwambia, "Kaka, wananipasua kesho, mwanangu anataka kwenda msituni." Kisha akasema, "Jolene, mimi ndiye niliyemkimbiza yule." Nikamwambia, "Ndiyo maana." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye hakuna atakayekukalisha chini kwa nguvu kama yeye. Yuko njiani na lile gari lake bovu. Akifika, mwamkieni, mpashieni moto pasti, ule mkate uliojazwa nyama, msimwulize ya zamani, ugomvi wa upinde nauzika mimi hapa.

Ulimi unakuwa mzito... hapana, ngoja, bado moja, ndiyo kubwa. Shika mkono wangu. Mnyama aliyejeruhiwa, asipokimbizwa, hulala karibu. Mnaelewa? Ukishaachia mshale, kaa. Kalia mikono yako. Nikitoka mle ndani na mirija yangu, msinisukume, msiniambie "Mama, amka, Mama, tupikie," kaeni tu hapa karibu nisikie pumzi zenu, nitainuka mwenyewe. Na kama... Greta, nitazame... kama daktari akitoka na kofia mkononi, msinikimbilie. Msivuke vinamasi mkinitafuta. Rudini nyumbani, washeni moto wa sauna mwoge, kuleni, laleni na mjomba wenu na baba yenu nyumba moja. Asubuhi mje polepole. Sitakuwa mbali.

Lempi, haya hukuyasikia, dada yako atakuambia, na akikuambia kwa ukali mrushie kitu. Mungu awape macho ya kungoja. Awape mikono iliyotulia. Mle na mshibe, na mnyama mtakayemla asiteseke kwa ajili yenu, na ninyi pia... msiteseke...

Huyo mzee wa vitanda amefika. Mwache, Greta, asukume. Umeona, hana haraka hata yeye.

Weka kidole hapa. Juu ya wino. Ndiyo. Inaingia... inatoka... Umeisikia?

Basi kaeni. Niko karibu.